Kadi Isemeje Chini ya Jina Lako?

Barua zilizotufikia kuhusu kadi za biashara ni nyingi kuliko nafasi tuliyopewa, na karibu zote zinaishia kwenye mstari mmoja, yaani ule wa cheo unaokaa chini ya jina. Nimechagua zile zinazoweza kusimama kwa niaba ya nyingine, nimezifupisha, na nimeondoa majina ya waandishi pamoja na ya waajiri wao. Walioniuliza kuhusu rangi na unene wa karatasi wanisamehe. Hayo mpiga chapa anayajua kuliko mimi.

SWALI: Mhariri, natengeneza na kufunga samani za ofisi. Nina jina la biashara lililosajiliwa lakini sina kampuni. Nafanya kazi peke yangu, na kazi ikizidi huwaita vijana wawili wanisaidie. Nimekwenda kuchapisha kadi nikaulizwa cheo changu ni nini. Shemeji yangu anasisitiza niandike "Mkurugenzi Mtendaji" ili wakubwa wanipe uzito. Mimi naona haya. Nimsikilize?
Fundi wa Samani

JIBU: Ndugu Fundi, haya unayoiona ina msingi. Shemeji yako anakutakia mema, ila anaitazama kadi kwa jicho la anayeitoa, wakati kadi hufanya kazi yake yote ikiwa mkononi mwa aliyeipokea, na mara nyingi mwenyewe ukiwa umeshaondoka. Mfikirie afisa ununuzi uliyemwachia kadi baada ya semina. Wiki kadhaa baadaye viti vya chumba cha mikutano vimelegea, naye anavuta droo, anafungua kadi alizozifunga kwa mpira na kuanza kuzipekua. Kwa kila kadi ana maswali mawili tu: huyu nimpelekee jambo gani, na je, anaweza kuamua mwenyewe au atanizungusha? Kadi yenye jina lako, jina la biashara ambalo halitaji samani popote, na maneno "Mkurugenzi Mtendaji", haimjibu swali la kwanza hata kidogo. Droo yake imejaa wakurugenzi watendaji, na hakumbuki ni yupi anayejua kukaza mguu wa kiti.

Kuna pia upande wa sheria, ambao watu huuruka. Katika sheria za makampuni, mkurugenzi ni mtu mwenye nafasi maalumu ndani ya kampuni, na nafasi hiyo huja na wajibu. Sheria ya Makampuni ya Uingereza ya mwaka 2006, katika kifungu cha 250, inasema mkurugenzi ni pamoja na mtu yeyote anayeshika nafasi hiyo kwa jina lolote atakaloitwa. Kwa maneno mengine, sheria hutazama nafasi yenyewe kabla ya kutazama jina. Wewe uko upande wa pili wa jambo hilo: jina unataka kulichukua, nafasi yenyewe haipo, kwa kuwa hakuna kampuni. Anayesoma "Mkurugenzi Mtendaji" ana haki ya kudhani kwamba nyuma yako kuna chombo chenye madeni na mali yake yenyewe, wakati kwa kawaida mwenye jina la biashara hubeba madeni yote yeye mwenyewe. Siku ya kuandika mkataba mteja ataomba cheti cha usajili wa kampuni, utampa cha jina la biashara, na kuanzia hapo atajiuliza ni kipi kingine ulichomwambia ambacho hakiko.

"Mwanzilishi" nalo nimeliona likipendekezwa sana. Halina uongo, lakini linaeleza tendo lililofanyika zamani na kumalizika. Halisemi leo unafanya nini. Linamfaa mtu ambaye biashara imeshakua, ameajiri wasimamizi, na yeye amebaki kukutana na wawekezaji wanaotaka kujua wazo lilitoka kwa nani. "Mmiliki" ni bora zaidi kwako, kwa sababu linajibu lile swali la pili: huyu anaamua papo hapo. Lakini ujue gharama yake. Mkianza kuvutana bei, mtu aliyeshika kadi inayosema wewe ndiye mmiliki hatakubali umwambie kwamba utashauriana kwanza na wenzako ofisini. Wafanyabiashara wengine huliacha neno hilo nje ya kadi kwa sababu hiyo tu, wajipe nafasi ya kwenda kufikiri. Kwa kazi za ukubwa wa kwako sidhani kama hasara hiyo ni kubwa, maana mteja mwenye viti ishirini vibovu hupenda kuzungumza na mtu mmoja tu hadi mwisho.

Kwa hiyo andika "Fundi wa Samani za Ofisi". Kama jina la biashara lenyewe limeshataja samani, andika "Fundi na Mmiliki" na usirudie. Kabla hujampa mpiga chapa jibu, fanya jaribio dogo: msikilize kichwani mwako mtu wa mapokezi akipiga simu kwa bosi wake. Akisema, "Kuna bwana hapa ni mkurugenzi mtendaji," bosi atauliza, "Wa nini?" Akisema, "Kuna fundi wa samani za ofisi," bosi atajibu aingie au arudi kesho, na hatauliza kitu. Cheo kinachozaa swali la ziada kwenye simu hiyo kitazaa swali hilohilo kwenye droo, ambako hakuna wa kulijibu.

SWALI: Mhariri, barua yangu ya ajira inasema mimi ni "Afisa Mwandamizi wa Uratibu wa Mahusiano na Wadau wa Nje, Daraja la Pili". Kwa kweli kazi yangu ni kuwahudumia wateja wakubwa wa kampuni. Je, naweza kuandika "Meneja wa Wateja Wakubwa"? Kadi nitazilipia mwenyewe, mwajiri hatoi.
Afisa wa Jina Refu

JIBU: Dada Afisa, una matatizo mawili yaliyofungwa pamoja, na moja ni la rula tu. Kadi ya vipimo vya Ulaya ina upana wa milimita 85 na kimo cha milimita 55. Ukiacha milimita tano kila upande ili maandishi yasiliwe na kisu cha kukatia, unabaki na milimita 75. Herufi za pointi nane, ambazo ndizo ndogo kiasi cha kusomeka bila kukunja uso, huchukua kwa wastani kama milimita moja na nusu kasoro kila moja, hivyo mstari mzima unabeba herufi hamsini na kitu. Nembo ya kampuni ikichukua theluthi ya upana, zinabaki kama 35. Cheo chako kina herufi 72 ukihesabu na nafasi kati ya maneno. Kitakaa mistari mitatu, kirefu kuliko jina lako na anwani. Kadi za Marekani na za Japani zina upana mkubwa kidogo, milimita 89 na 91, lakini hata huko hutaokoka.

Kufupisha, basi, ni lazima, na hapo sioni kosa. "Daraja la Pili" ni habari ya orodha ya mishahara, na mtu wa nje haimhusu. "Uratibu wa" linaweza kuondoka bila kuacha pengo. "Mwandamizi" libaki tu kama ofisini kwenu kuna maafisa wa chini yako ambao mteja anaweza kuwachanganya na wewe. Ukishapogoa hivyo unabaki na "Afisa Mahusiano na Wadau", herufi 24, na hakuna aliyedanganywa.

"Meneja" ni habari nyingine kabisa. Kufupisha cheo ni haki yako, kukipandisha si haki yako, hata kama kazi unayoifanya ni ya umeneja na kila mtu ofisini anajua hivyo. Sababu yake ni kwamba cheo kilichochapishwa humwambia mtu wa nje kiasi cha mamlaka uliyopewa, naye anaweza kutenda kwa kukuamini. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya kampuni ya Panorama Developments dhidi ya Fidelis Furnishing Fabrics. Katibu wa kampuni ya Fidelis alikuwa amekodi magari kwa jina la kampuni, akidai kwamba ni ya kuwachukulia wateja, kumbe aliyatumia kwa safari zake binafsi. Kampuni ilikataa kulipa, ikisema hakutumwa. Mahakama, Lord Denning akiwa mmoja wa majaji, ilisema kwamba katibu wa kampuni wa zama hizi ni afisa mwenye madaraka, kwamba kukodi magari ni miongoni mwa mambo ambayo mtu wa cheo hicho hutarajiwa kuyafanya, na kwamba aliyekodisha hakuwa na sababu ya kumtilia shaka. Fidelis ikabeba deni. Sitaki kusema kwamba utakodi magari, dada yangu. Nasema kwamba siku mteja mkubwa atakapokuomba punguzo la bei ukajibu "sawa", atakuwa ameongea na meneja. Mwajiri akiwa alijua habari ya kadi zako na kuzinyamazia, yumkini atabanwa na "sawa" yako, kisha atakubana wewe. Akiwa hakujua, atasema hakukupa cheo hicho, na mteja atakugeukia wewe na kadi yako mkononi.

Njia safi ipo. Mwandikie msimamizi wako ujumbe mfupi, umweleze kwamba cheo cha kwenye barua hakikai kwenye kadi, umpe mapendekezo mawili, moja lenye neno "Afisa" na jingine "Msimamizi wa Wateja Wakubwa", achague. Wakubwa wengi ambao wangekataa ombi la kupandishwa cheo hukubali kwa urahisi ombi la kuchagua maneno ya kadi, na kwa namna hiyo watu kadhaa wamejikuta wamesogea ngazi bila kelele. Jibu lake ulitunze. Kisha cheo hichohicho kiende kwenye saini ya barua pepe na kwenye ukurasa wako wa LinkedIn, kwa sababu mpokeaji wa kadi siku hizi hukutafuta kwenye intaneti kabla hajapiga simu, na akikuta vyeo viwili tofauti ataamini kile kidogo.

SWALI: Mhariri, nina stashahada ya umeme na uzoefu wa miaka mingi. Kwenye maeneo ya ujenzi kila mtu ananiita "Injinia", hata wahandisi wenyewe. Nikichapa hivyo kwenye kadi kuna ubaya?
Wanaoniita ni Wengine

JIBU: Kuna ubaya, na ukubwa wake unategemea sheria ya mahali unapofanya kazi. Kuitwa na kujiita ni vitu viwili. Wenzako wakikuita Injinia wanakupa heshima. Ukichapa, unatoa tamko kwa mtu ambaye hajawahi kukuona ukifanya kazi.

Baadhi ya majina ya kazi yamefungwa kwa sheria, na hakuna kanuni moja ya dunia nzima. Nchini Uingereza huwezi kutumia neno "msanifu majengo" katika biashara bila kusajiliwa, kwa mujibu wa Sheria ya Wasanifu Majengo ya mwaka 1997, lakini neno "mhandisi" liko huru huko, na kinacholindwa ni hadhi ya mhandisi aliyethibitishwa na chombo cha taaluma. Ujerumani ni kinyume: jina la mhandisi linalindwa na sheria za majimbo. Nchi nyingi nyingine zina bodi ya usajili wa wahandisi ambayo humwona anayejiita mhandisi bila namba ya usajili kuwa mvunja sheria, iwe alilipwa au hakulipwa.

Wapo waliopigana na bodi hizo wakashinda. Huko Oregon, Marekani, Mats Järlström, msomi wa uhandisi wa umeme mzaliwa wa Sweden, alichunguza hesabu za muda wa taa ya njano ya barabarani baada ya mkewe kutozwa faini kwa picha ya kamera. Aliiandikia bodi ya wahandisi ya jimbo kueleza alichokigundua, akajitaja kuwa mhandisi, na bodi ikamtoza dola 500 kwa kufanya uhandisi na kujiita hivyo bila leseni. Alikwenda mahakamani, na Desemba 2018 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba ana haki ya kujiita mhandisi. Naisimulia kesi hii kwa sababu wasomaji wawili walinitumia kama ushahidi kwamba mtu yuko huru kuandika apendavyo. Wasome vizuri: huyu bwana alikuwa na shahada ya fani hiyo, hakuwa akiuza huduma kwa mtu, na ilimchukua miaka ya mashauri. Wewe unataka kadi ya kuombea kazi, na kazi yenyewe ni ya umeme, ambayo kosa lake linaunguza jengo.

Andika "Fundi Sanifu Umeme". Kama una leseni ya kufunga mifumo ya umeme, weka daraja na namba yake kwenye mstari wa pili kwa herufi ndogo. Namba ya leseni inaweza kuhakikiwa kwa simu moja, na mkandarasi anayetafuta mtu wa kumwamini huitazama hiyo kabla ya neno lolote kubwa lililo juu yake.

Aliyeuliza kuhusu kuweka "Dkt." mbele ya jina kwa ajili ya shahada ya uzamivu: weka, ni halali yako, isipokuwa kama unafanya kazi kwenye zahanati, duka la dawa au popote ambapo mgonjwa anaweza kukudhania tabibu. Hapo weka shahada nyuma ya jina. Na udaktari wa heshima hauchapwi.

SWALI: Mimi ni mkalimani, na mwisho wa wiki napiga picha za harusi. Niweke vyeo vyote viwili kwenye kadi moja ili nisilipe mara mbili?
Kazi Mbili

JIBU: Lipa mara mbili. Mwandaaji wa mkutano akisoma "Mkalimani na Mpiga Picha" atahisi kwamba mojawapo ni kazi ya kujaribia, na hatajua ni ipi. Bibi harusi naye atahisi hivyohivyo. Vyeo viwili hukaa vizuri pamoja pale tu ambapo mteja mmoja anaweza kuvihitaji vyote katika kazi moja, kwa mfano mpiga picha ambaye pia ni mhariri wa video, au mkalimani ambaye pia ni mfasiri wa nyaraka. Kutumia pande mbili za kadi moja, kama wengine wanavyofanya, ni nafuu kidogo kuliko kadi mbili, lakini lazima ukumbuke kuitoa upande ulio sahihi kila mara, na mpokeaji ataigeuza tu.

SWALI: Tumeanzisha studio ndogo ya usanifu wa picha na matangazo, tuko wanne. Tunataka kadi za kuchangamka: mimi niwe "Mchawi wa Rangi", mwenzangu "Waziri wa Herufi". Mzee mmoja ametuambia tunajiharibia. Unasemaje?
Vijana wa Studio

JIBU: Nasema mzee amekaza sana, nanyi mmelegeza sana. Vyeo vya mzaha havikuanza kwenu na vina watu wazito nyuma yake. Vint Cerf, mmoja wa waliobuni kanuni ambazo intaneti inatumia hadi leo, alipewa cheo cha Mwinjilisti Mkuu wa Intaneti na kampuni ya Google mwaka 2005, na mwenyewe husimulia kwamba alipoulizwa anataka cheo gani alianza kwa kuomba cha kifalme cha huko Ulaya. Hakuna aliyemdharau, lakini angalieni kwamba ni Vint Cerf. Jina lake lingetosha hata kama kadi ingekuwa tupu.

Mfano unaowafaa zaidi ni wa kampuni ya Tesla. Machi 2021 kampuni hiyo iliwasilisha taarifa rasmi kwa mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani kwamba Elon Musk sasa ataitwa Mfalme wa Teknolojia, na mkuu wake wa fedha wa wakati huo, Zach Kirkhorn, ataitwa Bwana wa Sarafu. Watu walicheka, na wachache walisoma mpaka mwisho, ambako taarifa hiyohiyo ilieleza kwamba wote wawili wanaendelea na nyadhifa zao za afisa mtendaji mkuu na afisa mkuu wa fedha. Hata mtu anayeweza kufanya apendalo hakuthubutu kuacha mzaha usimame peke yake kwenye karatasi ambayo wengine wangeitegemea.

Kuna utafiti ambao watetezi wa vyeo hivi huutaja, wa Adam Grant, Justin Berg na Daniel Cable, uliochapishwa mwaka 2014. Waliona kwamba wafanyakazi waliojitungia majina ya kazi yanayoeleza wanachokithamini walipungukiwa na uchovu wa kihisia. Naukubali, na msomaji makini ataona aliyefaidika ni nani. Ni mwenye cheo. Hao walikuwa watu wa shirika la misaada na wa hospitali ambao kazi yao inachosha moyo, na jina zuri liliwatia nguvu mbele ya wenzao. Mteja anayetafuta mtu wa kumtengenezea nembo hana faida hiyo. Yeye anataka kujua ampigie nani kati yenu wanne. Itaneni uchawi na uwaziri ndani ya studio mchana kutwa. Kwenye kadi, mstari wa juu useme "Msanifu Picha" na "Msanifu Maandishi", na kama hamwezi kabisa kulala bila mzaha, upande wa nyuma uko wazi.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nimemaliza shahada ya uhasibu, sijapata kazi. Nataka kadi za kugawa kwenye maonyesho ya ajira. Niandike "Mshauri wa Fedha"?
Mhitimu

JIBU: Marahaba. Usiandike hivyo. Kutoa ushauri wa fedha kwa malipo ni shughuli inayohitaji leseni katika nchi nyingi, kwa hiyo una hatari ileile ya ndugu yetu wa umeme. Hata pasipo sheria, neno "Mshauri" likisimama kwenye kadi ya mtu wa umri wako, waajiri hulisoma kwa maana moja, kwamba hana kazi na anaona aibu kusema. Huna cha kuonea aibu. Andika jina lako, chini yake "Shahada ya Uhasibu", halafu kitu kimoja mahususi unachokiweza kweli, kwa mfano "Mizania na marejesho ya kodi kwa biashara ndogo". Usiandike "Mhitimu" kama ulivyojisaini. Neno hilo linachacha ndani ya mwaka, nawe utabaki na kadi.

SWALI: Mhariri, niliomba nyongeza ya mshahara. Nimepewa kadi mpya zilizoandikwa "Meneja wa Huduma za Mapokezi". Mshahara uleule, kazi ileile, mezani niko peke yangu. Nishukuru?
Wa Mapokezi

JIBU: Shukuru kwa adabu, kisha uliza maswali. Cheo cha umeneja ni rahisi kwa mwajiri kukitoa, na mahali pengine kinampunguzia gharama. Nchini Marekani mfanyakazi wa ngazi ya usimamizi anaweza kukosa malipo ya saa za ziada iwapo mshahara wake umevuka kiwango fulani, na watafiti watatu walioonyesha mwaka 2023 jinsi vyeo vya umeneja vinavyoongezeka ghafla mara tu baada ya kiwango hicho walikutana na majina kama Mkurugenzi wa Taswira ya Kwanza, ambaye ni mtu wa mapokezi kama wewe. Kanuni za huko zinasema wazi kwamba cheo peke yake hakimfanyi mtu kuwa meneja. Hutazamwa kazi anayoifanya na mshahara wake. Tazama mkataba wako unasema nini kuhusu saa za ziada kwa watu wa ngazi ya umeneja, na kama kuna mabadiliko, uombe yaandikwe. Iwapo hakuna kilichobadilika, tumia kadi hizo bila wasiwasi, na cheo hicho kiandike kwenye wasifu wako utakapoomba kazi kwingine. Ni mwajiri aliyekupa, hukujipa. Ila ukienda kwenye usaili wakakuuliza unasimamia watu wangapi, jibu ukweli.

SWALI: Natarajia kupandishwa cheo ndani ya miezi michache. Nichape kadi zenye cheo cha sasa au nisubiri? Na nichape ngapi?
Mwenye Haraka

JIBU: Chapa zenye cheo cha sasa, tena chache. Uchapaji wa ofseti, ule wa mashine kubwa, hudai sahani (yaani bamba la kuchapia) ya kila rangi kabla karatasi ya kwanza haijatoka, ndiyo maana kadi elfu moja hugharimu zaidi kidogo tu ya mia mbili, na wengi huvutwa na hesabu hiyo hadi wanajaza kabati. Uchapaji wa kidijitali hauna sahani, hivyo omba huo, na kadi mia moja zitakutosha hadi barua itoke. Cheo kinachotarajiwa usikichape hata kama bosi amekuahidi kwa mdomo. Na zikibaki kadi za zamani siku utakapopanda, usikate cheo kwa kalamu na kuandika kingine juu yake. Zitupe, au uziandikie orodha ya sokoni nyuma.